Shahidi wa Maumivu ni Nani?

Mtu akisema "naumia", ni nani mwenye haki ya kumwambia "huumii"? Tulitazame jambo hili kwa yaliyowapata wanawake wa Uingereza.

Wako wanawake ambao, khasa baada ya kuzaa, hushindwa kuzuia mkojo au hushukwa na kizazi. Matabibu waliwapasua wakawatia nyongani wavu wa plastiki ili ushike palipolegea. Wengi walipoa. Lakini wengine wavu uliwakata nyama ya ndani, wakapata maumivu yasiyokwisha. Na kuutoa ni kazi ngumu, kwani nyama huwa imekwisha kuota katika matundu yake.

Waliporudi kulalamika, wengi waliambiwa kuwa hayo ni mambo ya kike tu. Mwezi wa Julai 2018 matumizi ya wavu huo yalisitishwa kwa sehemu kubwa, na mwaka 2020 tume iliyoongozwa na Julia Cumberlege ikathibitisha kuwa wanawake hawakusikilizwa.

Twasema: tabibu ni mjuzi wa maradhi, lakini shahidi wa maumivu ni mwenye mwili. Kuukataa ushahidi wake bila ya kuuchungua ni dhulma, hata nia ikiwa njema. Na ridhaa ya asiyeelezwa khatari si ridhaa.

Nasi tusijione salama. Ni wangapi katika mama zetu na wake zetu wafichao maradhi haya kwa kuona haya, na wakisema twawaambia "vumilia"? Haya ni sifa njema, lakini haifai kuwa pazia la dhulma. Asemaye "naumia", kwanza na asikilizwe.