Kudoea

Kiswahili kina neno moja kali, kudoea, yaani kwenda penye chakula cha watu bila kualikwa ukajifanya umo. Neno hili halimhusu aliyealikwa; huyo hata akila sahani tatu ni mgeni. Lakini ziko karamu ambazo mlango u wazi kwa kila apitaye, hapana kadi wala mlinzi, na hapo neno letu linashindwa kazi. Kama wote wamealikwa, mdoezi ni nani?

Nina maana ya maonyesho ya picha. Mjini Cape Town, tangu mwaka 2012, Alhamisi ya kwanza ya mwezi nyumba za sanaa za katikati ya mji huachwa wazi hadi usiku, watu wakapita kutoka moja hadi nyingine bila kiingilio. Miji kadhaa ya Marekani ilikuwa na desturi hiyo kabla ya hapo. Kwetu Tanzania matembezi ya namna hiyo si mengi, ila Dar es Salaam ufunguzi wa maonyesho hufuata mwendo ule ule: divai ya Dodoma au ya ng'ambo, sambusa, karanga, mishikaki midogo, vyote bure. Nimehudhuria kadhaa. Nilichokiona kila mara ni migongo. Picha ziko ukutani, meza iko katikati, na watu huizunguka meza wakaupa ukuta mgongo. Mchoraji amesimama pembeni na shati lake lililopigwa pasi, anangoja mtu amwulize neno.

Sisi wa Ifakara na bonde zima la Kilombero pombe ya bure tunaijua. Mwenye shamba la mpunga akizidiwa na magugu hupika komoni, akawaita majirani. Hakuna anayelipwa fedha. Unapiga jembe, kisha unakunywa, na asiyetaka kulewa hupewa togwa. Anayekuja jua limekwisha pinda, jembe lake halina hata tope, hafukuzwi. Huchekwa, na kicheko hicho atakikuta tena palizi ya mwaka ujao.

Basi mtu angesema: penye picha kazi ni kutazama, na asiyetazama ndiye mdoezi. Jibu hilo ni zuri, lakini halitoshi. Katika palizi huwapo bibi kizee asiyeweza tena kuinama. Hukaa chini ya mwembe, hupewa kopo lake kabla ya vijana, na hakuna anayemcheka. Analipa nini? Anauliza kazi imefika wapi, anamsifu aliyetangulia, anamtania mvivu kwa jina. Moyo wake uko shambani ingawa mikono haiko. Kwa sababu hiyo hiyo simwiti mdoezi mwanafunzi aliyeingia ukumbini kwa ajili ya sambusa. Ale kwanza, mwenye njaa haoni rangi. Ninayemshuku ni mheshimiwa aliyeshiba, azungumzaye habari za viwanja kwa saa mbili, akaondoka bila kujua kama vilivyotundikwa vilikuwa picha au kalenda. Hakuiba kitu. Divai ilikwisha lipiwa, pengine na ubalozi au mfadhili fulani, na isingerudishwa dukani. Lakini amemgeuza mwenye shughuli kuwa mhudumu katika shughuli yake mwenyewe, na hilo, nionavyo mimi, ni dhara hata kama halina bei.

Ugumu ni kwamba ukumbini hapana wa kucheka. Mchoraji anaona haya kudai, kwani imekwisha semwa ni bure, na atoaye bure kisha akadai huonekana mchuuzi. Deni linabaki kwa mnywaji peke yake, naye hana wa kumkumbusha.

Hata hivyo mwenyeji naye ana lake. Kwetu nimeona pipa la komoni haliwekwi mnapoanzia kulima. Huwekwa upande wa mbali, kivulini, mkalima kulielekea. Wenye kumbi wangeweza kuisukuma meza yao hadi ukuta wa mwisho, ili kila aifuataye divai apite mbele ya picha zote. Wako watakaopita macho yakiwa kwenye glasi tu. Lakini mchoraji angalau ataziona nyuso zao.