Karatasi Kwanza, au Picha Kwanza?

Huko Marekani iko kazi ya mikono ambayo watu wengi, na hasa wanawake, huifanya nyumbani mwao wakati wa jioni. Huchukua picha za jamaa zao, za arusi, za watoto wachanga, za safari, na pengine za mazishi, wakazibandika katika kurasa za albamu kubwa. Huzizungushia karatasi zenye rangi na maua, tepe, vifungo, na herufi zilizokatwa tayari. Kisha kandokando huandika habari za siku ile. Ukurasa uliozoeleka zaidi ni wa mraba, inchi 12 kwa 12, basi pana nafasi ya kutosha kwa picha nne au tano na maneno yake.

Vitu vya kazi hiyo ni vingi tena vidogovidogo, na wenye kuifanya wamejizulia desturi ambayo ndiyo tunayotaka kuifikiri hapa. Kabla ya kubandika cho chote, mtu huketi na sanduku lake lote, akachagua karatasi mbili tatu zinazopatana, na utepe wa rangi yake, na herufi, na mapambo machache, akavitia vyote katika mfuko mmoja. Kisha mfuko wa pili, na wa tatu. Kila mfuko ni kifurushi cha ukurasa mmoja au kurasa mbili. Siku ya kubandika hana haja ya kupekua tena. Huchukua kifurushi chake akaketi mezani.

Utasema ni jambo dogo, nasi hatujapata kusikia mtu aliyepotea kwa ajili ya utepe. Walakini ndani yake lipo swali ambalo si dogo. Je, kuandaa ni sehemu ya kazi, au ni mahali mtu anapokimbilia ili asiifanye kazi? Na tena, mtu apangaye mapema rangi za kumbukumbu zake, je, anazitunza kumbukumbu, au anazitengeneza?

Kubandika si desturi ya jana. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walikata habari za magazeti, na mashairi, na picha, wakazitia vitabuni. Mwandishi Mark Twain, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Samuel Clemens, mwaka wa 1873 alipewa na serikali hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kitabu ambacho kurasa zake zilikwisha kupakwa gundi kavu. Mtu hakuhitaji kopo wala brashi. Alilowesha tu mahali pale akabandika. Kwa hiyo wazo la kumwekea mtu vitu tayari, ili mkono wake usikawie, ni la zamani kuliko wengi wadhanivyo.

Kazi hii kwa namna yake ya leo iliinuka hasa baada ya mwaka wa 1980, mama mmoja wa jimbo la Utah, Marielen Christensen, alipoonyesha albamu za jamaa yake katika mkutano mkubwa wa habari za vizazi uliofanyika Salt Lake City. Watu wengi wa jimbo lile ni wa Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, nao hushika sana nasaba kwa sababu ya imani yao. Basi waliipokea kazi ile kwa furaha. Mwaka uliofuata yeye na mumewe walifungua duka la vitu vyake. Maduka mengine yakafuata, karatasi zikachapwa kwa mapambo ya kila namna, na baadaye wakatokea wafanya biashara wa kumpelekea mtu kisanduku kila mwezi, kila kitu ndani yake kimekwisha kulinganishwa rangi.

Ndipo ilipoingia shida ambayo wale wa zamani wa kukata magazeti hawakuijua. Makabati yalijaa karatasi, na picha zikabaki katika bahasha. Mtu ana karatasi za kutosha kurasa mia, na mtoto wake amekwisha kuoa kabla picha ya ubatizo wake haijabandikwa!

Hapo vifurushi vya nyumbani vyastahili sifa, nasi twavisifu. Mwenye kuvifanya hanunui kitu kipya. Hupanga alicho nacho. Tena hupata nafuu ya saa. Mama ambaye watoto wamelala saa tatu, naye atalala saa nne, hana saa ya kutafuta herufi iliyopotea chini ya sanduku. Msusi wa mikeka ajua habari hii. Hukausha miyaa, huichemsha katika rangi, huitenga nyekundu mbali na nyeusi, ndipo asuke ukili. Na ukili ukiisha kusukwa ndipo ashone. Mtu akimwona leo na miyaa yake juani asiseme kwamba yule bado hajaanza mkeka. Amekwisha kuanza.

Na iko faida nyingine ambayo twaiona kuwa kubwa kuliko ya saa. Atiaye karatasi tatu mfukoni amekwisha kukata shauri kwamba ya nne haitakiwi. Kwa mwenye vitu vingi, neno hilo, yatosha, ni zito kulitamka. Wako watu walioanza kupanga vifurushi wakagundua kwamba nusu ya vitu vyao havipatani na kitu cho chote walichoishi, wakavigawa.

Lakini yumo na mwingine ambaye hupanga vifurushi thelathini, akavipanga upya mwezi ujao, akavipa vibandiko vya majina na rafu yake, wala habandiki. Kwa macho ya nje kazi yake ni sawasawa na ya yule wa kwanza. Tutawapambanuaje?

Katika Maandiko twaona watu wawili waliokusanya. Mmoja ni Daudi. Aliambiwa kwamba nyumba ya Mungu hataijenga yeye; hata hivyo alikusanya mawe, na mierezi, na shaba, na chuma tele kwa misumari ya milango, akamkabidhi Sulemani pamoja na mfano wa jengo. Hata msumari ulikuwa na mlango wake. Wa pili ni yule tajiri wa habari za Luka, aliyetaka kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi. Naye pia alikuwa mpangaji mzuri, lakini nafaka yake haikutajwa kinywa ila chake mwenyewe, tena kwa miaka ambayo hakupewa. Basi kifurushi nacho na kiulizwe: U wa nani? Kikijibu kwamba ni cha arusi ya Fulani, au cha siku ile bibi alipokuja kutoka mbali, hicho ni maandalio. Kikijibu kwamba ni cha rangi ya samawati na manjano, basi kingali ghala, ijapokuwa ni ghala ndogo yenye mfuko safi.

Jibu hilo latufikisha penye swali la pili, nalo kwetu ndilo lenye uchungu. Wenye kazi hii hushindana juu ya lipi litangulie. Wengine huanza na karatasi, maana huwapendeza, wakasema picha zitatafutwa baadaye. Wengine huanza na picha. Ushindani huo waonekana kuwa wa mchezo, sivyo?

Tutwae kifurushi cha samawati na manjano, chenye jua dogo la karatasi na herufi nyeupe. Kifurushi hicho chataka picha za namna moja tu: watoto wanacheka penye maji. Siku ya kubandika, mama hutafuta katika bahasha zake, akapata mbili zinazofaa. Katika bahasha ile ile imo picha ya baba yake katika ugonjwa wake wa mwisho, amejifunika blanketi jekundu, amemshika mjukuu mkono, na picha yenyewe imetikisika kidogo. Haipatani. Nyekundu yake yaua manjano. Mama huirudisha ndani ya bahasha, wala hana nia mbaya. Husema tu, si ya leo. Na kifurushi cha kesho nacho ni cha waridi.

Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyechana picha. Lakini baada ya miaka thelathini mjukuu yule atafungua albamu, naye ataona jamaa ambayo haikuugua, haikulia, wala haikuwahi kukaa chini ya paa linalovuja. Mkono ulioshikwa hataujua. Pengine yeye mwenyewe akipatwa na ugonjwa atadhani kwamba ni wa kwanza katika ukoo wake kuteswa.

Mtu atatujibu kwamba uzuri ni heshima, na kwamba kumpamba mtu tumpendaye ni haki yake. Twakubali kabisa. Sikukuu ya Pasaka twavaa nguo safi, na maiti hatumpeleki kaburini katika kitambaa kichafu. Lakini sanda hukatwa kwa kipimo cha maiti. Hatujapata kuona maiti akipimwa kwa sanda. Mama yule na aiweke picha ya baba yake mezani kwanza, akaitazame, ndipo atafute karatasi iwezayo kuvumilia blanketi jekundu. Iko ya kahawia, iko ya kijivu, iko nyeupe tupu. Hapo atakuwa amefanya kifurushi kilekile, kwa ustadi uleule, nacho kitapendeza. Ila kimeanza na baba. Waisraeli walipovuka Yordani waliambiwa kutwaa mawe kumi na mawili mahali miguu ya makuhani iliposimama, ili watoto wao wapate kuuliza habari zake. Hatusomi kwamba walichagua ya rangi moja.

Neno moja la kazi, kabla hatujasahau. Karatasi nyingi za bei rahisi, zilizofanywa kwa mbao, zina asidi. Hugeuka manjano zikala na picha iliyo juu yake. Na albamu zile zenye kurasa zinazonata chini ya plastiki, zilizoenea sana katika miaka ya 1970, zimeharibu picha nyingi, kwa maana gundi yake hushika isiachie. Basi hata karatasi ikiwa nzuri kwa macho na ichunguzwe kama haina asidi.

Wasomaji wetu wengi hawana haja ya tepe wala ya herufi za kubandika. Picha zetu zimo katika sanduku chini ya kitanda, moja mbili ukutani, na siku hizi nyingi zimo katika simu, ambayo ikianguka majini zimekwenda. Lakini kifurushi twaweza kukifanya hata sisi, kwa bahasha moja safi. Itiwe picha moja ya wazee, ile iliyopo, si ile ambayo tungependa iwepo. Nyuma yake yaandikwe majina kwa penseli laini bila kukandamiza. Na kama mgongo wa picha ni wa plastiki usioshika penseli, majina yaandikwe katika kipande cha karatasi kikae pamoja nayo: ni nani aliyesimama, ni nani aliyeketi, ni mwaka gani, ni nani aliyekuwa mgonjwa siku ile asionekane. Na katika bahasha hiyo itiwe karatasi nyingine tupu, kwa maana Bibi akiulizwa mara ya pili aghalabu hukumbuka jina jingine.