Kuaga Mwenye Nyumba: Je, Ni Adabu Tu, au Ni Haki?

Baba mmoja wa Uvira, Mkristo mwema, aliuliza swali hili baada ya Misa: «Nimepanga nyumba, sasa nataka kuhama. Nikimwambia mwenye nyumba mapema, atanitafutia maneno, na garanti yangu hatairudisha. Je, nikiacha kulipa miezi ya mwisho, kisha nikahama usiku, nimetenda dhambi?» Wenzake walicheka. Lakini swali hili ni zito, nasi yatupasa kulifikiri vema.

Wako wasemao: «Kuaga ni adabu tu. Nyumba naiacha mahali pake, sikubeba mlango wala bati. Nimeiba nini?» Haya, tutazame. Tuseme mwenye nyumba ni mjane wa Mulongwe mwenye vyumba viwili: kimoja analala yeye na watoto wake, cha pili anapangisha. Kodi ya chumba hicho ndiyo karo ya shule, ndiyo unga na ndagala wa kila siku. Akijulishwa mapema, atatafuta mpangaji mwingine, na watoto hawatalala njaa. Akiamka asubuhi na kukuta chumba kitupu, kodi ya mwezi ule imepotea, wala hakuna atakayemrudishia. Basi aliyehama hakubeba bati, ni kweli. Lakini amemnyima mwenzake muda wa kujitengeneza, nao ulikuwa haki yake. Mapatano yana watu wawili. Kama yalifungwa na wawili, mmoja hawezi kuyafungua peke yake gizani.

Lakini yule baba atasema: «Na garanti yangu je?» Hofu yake si ya bure. Sheria ya Kongo namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza garanti ya nyumba ya kukaa kupita kodi ya miezi mitatu. Hata hivyo wako wenye nyumba wanaodai zaidi, na siku ya kuhama wanasema fedha zimekwisha. Hao nao wakumbuke agano la kale: Musa aliamuru kwamba aliyeshika vazi la maskini kuwa rehani amrudishie kabla jua halijatua, maana hana kingine cha kujifunika usiku. Garanti ni rehani. Imewekwa kwako uilinde, hukupewa uile.

Je, kosa la mwenye nyumba lahalalisha kosa la mpangaji? Hapana. Garanti iliwekwa kwa ajili ya mlango uliovunjika na deni lililobaki. Mpangaji akiila kwa siri, amejifanya hakimu katika shauri lake mwenyewe. Ila iko njia nyingine. Aende mchana, pamoja na shahidi, kwa mfano mkubwa wa avenue, aseme: «Mama, nitahama baada ya miezi kadha. Tutazame nyumba pamoja. Ukiona haina hasara, tukubaliane kwamba miezi ya mwisho ilipwe kwa garanti.» Wakikubaliana, waandike karatasi, kila mmoja atie sahihi. Fedha ni zile zile, na miezi ni ile ile. Lakini lililokuwa hila usiku limekuwa haki mchana, kwa sababu wote wawili wamelijua na kulikubali. Na mwenye nyumba akikataa? Mpangaji apeleke shauri mbele ya wenye mamlaka. Pengine atapoteza fedha, lakini dhamiri yake itabaki safi.

Sisi wa pwani hii tunajua pia kwamba kuna kuhama kusikongoja taarifa. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda, yakaingia katika nyumba za Kavimvira na Kalundu. Nani atamdai taarifa mtu aliyekimbia na mtoto mgongoni? Mungu hadai lisilowezekana. Lakini shida inamsamehe mtu muda, haimsamehi neno. Hatari ikipita, arudi au atume mtu, arudishe ufunguo, waagane. Na mwenye nyumba asimdai kodi ya nyumba iliyojaa maji.

Tena sheria hii ni ya pande mbili. Mwenye nyumba anayemfukuza mpangaji kwa siku moja, kwa kuwa amepata mwingine mwenye dola nyingi zaidi, anawatupa watoto njiani. Angetaka watoto wake watendewe hivyo? Bwana wetu alitufundisha kuwatendea wengine kama tunavyotaka tutendewe sisi.

Basi, wasomaji wapendwa, kuaga ni adabu, lakini si adabu tu. Ni deni la haki. Ukihama, hama mchana, ukiwa umeaga, hata kesho ukikutana na mwenye nyumba wako mlangoni pa kanisa umpe mkono bila kuinamisha macho.