Ganda ni la Nani?

Muuza kahawa apitapo mitaani baada ya magharibi, akigonganisha vikombe vyake, wakaao barazani humuuliza bei ya samaki na habari za waliosafiri. Hapana amuulizaye ganda la kahawa ile limebaki wapi. Swali hilo lingechekwa. Huko Omurushaka, hata hivyo, lina uzito wake.

Omurushaka ni mji mdogo wa biashara wilayani Karagwe, mkoani Kagera, katika njia iendayo Kyerwa na mpakani Murongo. (Kyerwa yenyewe ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012.) Nchi hiyo ni ya kahawa na ndizi. Mkulima huvipanda vyote viwili katika kibanja, shamba lizungukalo nyumba. Rutuba ya kibanja si zawadi ya maumbile tu. Ni kazi ya mikono ya vizazi, waliokilisha samadi, nyasi zilizokatwa mbali, majani ya migomba na majivu ya jikoni. Akiachaye kwa miaka michache hukikuta kimerudi kuwa udongo wa kawaida.

Kahawa ya Kagera aghalabu ni robusta. Huanikwa juani ikiwa nzima, na mkulima huiuza vivyo hivyo, kwa jina la kahawa maganda. Kiwandani hukobolewa, na katika kila kilo mbili hupatikana buni kiasi cha kilo moja. Nusu ya pili ni maganda. Humo mna potasiamu nyingi, chakula kile kile ambacho mgomba na mbuni hukihitaji mno. Basi lori lishukalo na kahawa hushuka na sehemu ya kibanja. Buni huvuka bahari. Ganda hubaki kiwandani, ama lichomwe, ama lirundikwe, ama liozee hapo.

Je, ganda hilo ni la nani? Mfanyabiashara atasema: nimepima kilo, nimelipa kilo, changu ni changu. Hoja hiyo haina kasoro mbele ya hakimu. Lakini bei ya kahawa maganda hutokana na buni iliyomo ndani, wala hapana soko la dunia lililopata kuuliza thamani ya ganda. Kilichopimwa, kwa hiyo, si lazima kiwe ndicho kilicholipiwa. Wasomaji wa Pemba wataelewa upesi, maana kwao makonyo ya karafuu yana bei yake mbali na karafuu, nayo hukamuliwa mafuta Wawi. Konyo lilipata bei kwa sababu mtu alikaa akafikiri. Huo ndio ubunifu wa biashara, ingawa siku hizi neno hilo hutumiwa zaidi kwa mitambo inayong'aa.

Kuna jambo zito kuliko ganda, nalo ni butura: kahawa kununuliwa ingali ua mtini, kwa bei ya mwenye shida ya ada ya shule au ya dawa. Serikali imeikataza mara nyingi. Ubaya wake husemwa kwa hesabu ya fedha, na ni kweli; ila kuna ubaya wa pili usiosemwa. Aliyekwisha kuuza mavuno yangali maua, atabeba nyasi kichwani kwa ajili ya nani? Udongo huanza kufa siku ile mwenyewe anapokuwa kibarua juu yake. Hapana cheti cha mazingira kitakachoponya jambo hilo.

Vyeti navyo havidharauliki. Chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, KDCU, kimeuza kahawa kwa masharti ya biashara ya haki. Umoja wa Ulaya nao ulitunga sheria mwaka 2023 kukataa kahawa itokayo katika ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, ingawa siku ya kuanza kuitumia imesogezwa zaidi ya mara moja. Ni sheria ya haki. Lakini jicho la setilaiti huona mti. Halioni njaa ya udongo chini yake. Kibanja kilichochoka kabisa chaweza kupita mtihani huo bila doa.

Lingekuwa jambo jepesi kusema: lori lipandalo kufuata kahawa lisipande tupu, lirudishe maganda. Wepesi huo una mtego. Tangu miaka ya 1990 mnyauko wa kahawa umeua mibuni mingi ya robusta Kagera, na mabaki ya mti mgonjwa hueneza vimelea. Ganda lililokusanywa kutoka mashamba elfu likirudishwa bichi laweza kuwa sumu iliyopewa jina la hisani. Sharti lioze kwanza katika lundo lenye joto la kutosha, na kazi hiyo hutaka mahali, vibarua na muda wa wiki nyingi.

Si jambo lisilowezekana. Shirika la MAVUNO la huko huko Karagwe, pamoja na wahandisi wa Berlin, limejaribu kutengeneza mboji kwa kinyesi cha binadamu kilichopashwa moto hadi vijidudu vife, kikachanganywa na mkaa wa majiko. Na mahindi yaliyopandwa humo yalistawi. Wakulima waliovumilia aibu ya jambo hilo hawawezi kushindwa na ganda la kahawa.

Kinachobaki ni gharama ya zile wiki za lundo, ambazo hazimo katika bei ya kilo mizanini Omurushaka, wala katika bei ya kikombe barazani.