Waliouliza Kama Mzee Yu Hai

Kijana wa kisa hiki nimemsuka mwenyewe, na mzee mpiga gitaa vilevile. Lakini kazi ya kijana huyo hufanywa kila usiku katika vyumba vya kupanga kuanzia Kihunguro, Ruiru, hadi Makongeni, Thika, na madhara yake si ya kusuka.

Aliishi Ruiru, akiandika habari za burudani mtandaoni. Mji ulimfaa kwa kazi hiyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru, karibu maradufu ya Thika iliyokuwa na 251,407, na wengi wao ni wapangaji wanaorudi jioni kutoka Nairobi kwa matatu za Thika Road, simu mkononi, wakitaka kujua Ijumaa mugithi, muziki wa gitaa wa Kikuyu, inapigwa wapi. Mwanzoni kijana aliandika kilichompendeza yeye, na karibu hakuna aliyesoma. Ndipo akajifunza kuchunguza maneno ya kutafutia, yaani kujua watu wanaandika nini hasa kwenye Google kabla yeye hajaandika lolote.

Hapo sina ugomvi naye hata kidogo. Uchunguzi huo, ukifanywa vizuri, ni namna ya kumheshimu msomaji. Mwandishi anaweza kuyapa makala yake kichwa kama "Mustakabali wa Muziki wa Kiasili Kaunti ya Kiambu", na mtu wa Ruiru asiyafikie kamwe, kwa sababu yeye ameandika "mugithi Ruiru leo". Msomaji wetu huchanganya Kikuyu, Kiswahili, Kiingereza na Sheng ndani ya maneno manne, tena bila kujali tahajia. Mwandishi anayetaka kumsikia ana njia: aanze kuandika jina la msanii kwenye Google asome inachopendekeza, afungue Google Trends aone neno linapanda au linashuka, aangalie chombo cha Google cha wanaotangaza biashara kinachokadiria neno hutafutwa mara ngapi kwa mwezi. Mbili za kwanza hazihitaji zaidi ya bando na subira.

Kilichompotosha ni pesa kidogo, na ahadi ya pesa zaidi. AdSense, mpango wa matangazo wa Google, haulipi mpaka mapato yafike dola 100, na wasomaji wa mugithi ya Ijumaa walikuwa wachache mno kumfikisha huko upesi. Akaona kwamba majina ya wasanii hutafutwa pamoja na maneno yaleyale: umri, mke, kabila, nyumba, utajiri. Akaanza kuyajibu yote. Utajiri wa mpiga gitaa wa Thika haujaandikwa popote, wala mwenyewe hajawahi kuutangaza, lakini neno lilikuwa na watafutaji, kwa hiyo kijana akabuni kiasi cha shilingi. Wengine wakakinakili. Baada ya muda, yeyote aliyetafuta alikutana na kiasi hicho mahali kadhaa na kukiamini kwa sababu ya wingi huo.

Alhamisi moja, jina la mzee mmoja wa mugithi likapaa, na kando yake neno "kifo".

Ni vyema msomaji ajue kijana aliona nini hasa kwenye kioo. Google Trends haionyeshi idadi ya watu. Hutoa kipimo cha 0 hadi 100, na 100 ni kile kilele tu cha kipindi ulichochagua, kiwe cha watu wengi au wachache. Neno likikua kwa zaidi ya asilimia 5,000 hupewa alama ya pekee ya kupaa, na jina ambalo jana halikutafutwa karibu kabisa linaweza kuipata kwa kuulizwa na watu wa mji mmoja. Ndivyo ilivyokuwa. Upande wa Gatundu alikuwa amefariki mtu mwingine mwenye jina hilohilo, tangazo lake likazunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila picha, na wapenzi wa mzee wakashtuka. Wakaenda Google kuuliza. Kijana akayasoma maswali yao kama taarifa.

Tena Thika, habari ya kifo cha mwanamuziki haipokewi kwa wepesi. Jumapili jioni ya Agosti 18, 2019, John De'Mathew, mmoja wa waimbaji wakubwa wa benga ya Kikuyu, alikufa gari lake lilipogonga lori karibu na hoteli ya Blue Post, kwenye barabara ileile ya Thika. Usiku ule pia watu waliulizana kwa simu kama ni kweli, na ikawa kweli. Waliopitia usiku huo wakisikia jina la mpiga gitaa mwingine, huwa tayari kuamini kabla ya kuthibitisha.

Kijana aliandika: chanzo cha kifo, mke, watoto, utajiri na mipango ya mazishi. Kila neno lililotafutwa lilikuwemo kwenye kichwa cha habari. Ndani hapakuwa na chanzo, mke wala mazishi. Aya ya sita ilisema habari hizo bado hazijathibitishwa. Waliosoma walirudi Google kuhakikisha, neno likapanda zaidi, naye alipoona limepanda akaandika makala mengine mawili. Kufikia Ijumaa alikuwa anapima kishindo alichokianzisha mwenyewe, akidhani ni hamu ya watu.

Mzee alikuwa nyumbani Makongeni akibadilisha nyuzi za gitaa. Alijua amekufa pale kamati ya ruracio, yaani hafla ya mahari, ya Juja, waliokuwa wamemwagiza kwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, walipoacha kumpigia. Alipowatafuta yeye, tayari walikuwa wamemlipa mwingine malipo ya awali. Akaipata nambari ya kijana.

"Kijana wangu, ni wewe uliandika nimekufa?"

"Pole sana, mzee. Ninaiondoa sasa hivi."

"Iondoe. Na wale wa Juja? Pesa imeshatoka. Hukuweza kunipigia?"

"Sikuwa na nambari yako, mzee."

"Iko kwenye bango la kila baa ninayopiga, mwanangu. Ungemuuliza mhudumu tu."

Aliiondoa. Walionakili hawakuondoa zao, na kwa majuma mengi ulipoandika jina la mzee, Google iliendelea kupendekeza "kifo" kabla hujamaliza.

Machi 5, 2024, Google ilitangaza sera mpya dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kupanda kwenye matokeo badala ya kumfaa msomaji, na wasomaji wa kijana wakapukutika. Wapo watakaosema haki imetendeka. Mimi sioni hivyo: kamati ya Juja haikurudishiwa chochote, wala mzee, na Google haikujua lolote kuhusu ruracio ile.

Linaloniuma zaidi limo kwenye orodha ya maneno ya Alhamisi ile. Chini ya "kifo" na "utajiri" palikuwa na mistari mingine: jina la mzee na "nambari ya simu", jina lake na "mugithi Thika Jumamosi", jina lake na "ni kweli". Kijana aliiruka kwa kuwa watafutaji wake walikuwa wachache. Wachache hao ndio waliokuwa na hafla ya kupanga na pesa ya kumlipa mpiga gitaa, na wa "ni kweli" walikuwa wanamwomba mtu yeyote awajibu.

Hakuna aliyekuwa amewajibu bado. Simu moja kwa baa ya Makongeni ingempa nambari ya mzee, na simu ya pili ingempa sauti yake. Kichwa cha habari kingeweza kubeba neno lilelile lililopaa: je, mzee amefariki? Hapana, aliyefariki ni mtu wa Gatundu mwenye jina kama lake, mwenyewe anapiga Thika Jumamosi hii, saa mbili usiku, na hii hapa nambari ya kumwagizia. Watu wa Juja wangeisoma Ijumaa asubuhi, kabla kamati haijakutana.