Wazo la Leo: Ufukwe Uliopiganiwa

Anayetaka kuona fukwe za vita huwaza Normandy, Ufaransa, walikotua wanajeshi tarehe 6 Juni 1944. Lakini wewe uliye Kigali, anzia kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Panda basi la asubuhi. Kabla ya jua la utosi kupungua uko Rubavu.

Huko ndiko uliko mji wa Gisenyi, uliokuwa kituo cha Wajerumani kwenye Ziwa Kivu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tarehe 24 Septemba 1914 kikosi cha Kapteni Max Wintgens kilivuka maji na kukiteka kisiwa cha Idjwi, kilichokuwa mikononi mwa Wabelgiji. Mwaka 1916 Wabelgiji walijibu kwa jeshi kubwa kutoka Kongo. Kigali ikaanguka tarehe 6 Mei, na Gisenyi nayo mwezi huohuo.

Lala usiku mmoja. Asubuhi fuata barabara ya ziwani hadi bandari ya Rubona, taratibu, kwa miguu ukiweza. Maofisa wa Kizungu wameandikwa vitabuni. Askari wa Kiafrika na wapagazi, waliokuwa wengi kuliko wao, majina yao ni nadra kuyakuta. Hilo linaniuma. Basi ukimpata mzee mwenyeji, msalimu, kaa naye, umuulize babu zake walibebeshwa mizigo ya nani.