Aliyekukoni Aliiba Nini?

Somo: Yoshua 9:3–15

Hapa kwetu Kiembeni, mtu akiliwa pesa hasemi "nimelaghaiwa." Stejini, dukani, hata kwenye ushirika wa nyumbani utasikia: "Nimekoniwa." Neno ni la Kiingereza, "con," ila tumelivisha viambishi vyetu likawa mwenyeji. Lakini kudanganya, kuhadaa na kulaghai tulikuwa nayo. Hili tulilitakia nini?

Mwaka 1849, polisi wa New York walimkamata William Thompson. Mtu huyu alikuwa akimsimamisha mpita njia, wanaongea kama wajuana, kisha anamwuliza kama anamwamini kiasi cha kumwachia saa yake mpaka kesho. Aliyemwachia hakuiona tena. Gazeti likamwita "confidence man," yaani mtu anayefanya kazi kwa kuaminiwa. Likafupishwa, na kitenzi chetu kikazaliwa hapo.

Tofauti ndiyo hii. Anayekudanganya anataka uamini neno lake. Anayekukoni anataka umwamini yeye. Muuza samaki akisema changu ni wa leo na kumbe ni wa juzi, utanusa utajua. Lakini konmani anaweza kusema kweli miezi mitatu. Anakopa mia tano, anarudisha Ijumaa. Anakopa elfu mbili, anarudisha kabla ya siku. Siku akitaka laki, wewe huulizi tena.

Nilisomea biashara, na chuoni tulifundishwa kwamba uaminifu hupunguza gharama. Ni kweli. Ndiyo maana mwizi huyu hupenda kanisa: imani ataikuta tayari. Majirani zetu Tanzania waliona kwa DECI, upatu ambao viongozi wake walikuwa wachungaji. Pesa uliyotoa iliitwa mbegu, uliyorudishiwa ikaitwa mavuno. Shamba halikuwapo, mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za waliokuja nyuma. Serikali iliusimamisha mwaka 2009. Hapa Kenya pia, miaka ya 2006 na 2007, upatu wa namna hiyo ulianguka na akiba za watu wengi. Watu walisikia lugha ya madhabahu, wakaacha kupiga hesabu.

Sasa tazama Wagibeoni. Walikuja na mkate wenye ukungu, viriba vilivyochakaa na viatu vya viraka. Israeli wakakagua chakula, wasimwulize Bwana. Yoshua alikuwa mtu wa Mungu, na bado alikoniwa. Kwa hivyo tuache kumwambia mama aliyepoteza pesa za ploti ati ni tamaa yake, ati hana roho ya kupambanua. Kuamini si dhambi. Aibu tunayomvika humlinda mwizi, maana anayeona haya hasemi, na asiposema, mwizi anahamia kwa jirani yake wa benchi lilelile.

Je, tusiaminiane? Hapana, mpendwa. Watu wasioaminiana hawawezi kuwa kanisa. Lakini wokovu usiwekwe dhamana ya biashara. Ndugu akikuletea mpango kwa jina la damu ya Yesu, sema amina, kisha omba karatasi. Kama ni ploti, thibitisha hati ofisi ya ardhi. Kama ni mkopo, andikeni mbele ya mashahidi. Mtu mwaminifu hachukii kukaguliwa. Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorintho 8:20–21, hakutaka mchango ushikwe na mtu mmoja, asije akalaumiwa na mtu. Nasi watumishi tuanzie hapo.

Saa ya New York inaweza kununuliwa nyingine. Kinachokuwa kigumu kurudisha ni ule moyo wa kumwamini mtu anayefuata. Kama unamjua aliyekoniwa na ndugu wa imani, na Jumapili hizi haonekani, mtembelee wiki hii. Usimpelekee somo. Msikilize kwanza.